Kiraka cha Sauti

Bisimwa alifika mezani na kikombe cha chai ya rangi, akavuta kiti, akasema, "Mama Ansima anakusalimu sana."

"Salamu zake nazipokea," alijibu Skolastika. "Hajambo huko?"

"Hajambo, analalamikia mvua tu. Nguo hazikauki, mpaka Ansima anakwenda shule na soksi mbichi. Nimemwambia azianike juu ya jiko, akaniuliza kama nimesahau kwamba jiko lenyewe linavujiwa." Alicheka peke yake, akakoroga chai. "Yule mwanamke hashindwi neno."

Bisimwa Mushagalusa ndiye aliyekuwa mtu mzima kuliko wote darasani. Alikuwa amepanda minara ya simu milimani Kivu kwa miaka mingi kabla hajapata nafasi ya shahada ya uzamili ya mitandao ya taarifa, na wenzake waliotoka Dakar, Hanoi na Muscat walimwita Baba Ansima, hata wale ambao Kiswahili chao kiliishia hapo. Chuo kilikuwa Mufindi, juu kwenye mashamba ya chai, kwa sababu seva hupenda baridi. Mwaka wa kwanza watu walisoma hapo, wa pili walihamia kampasi ya ughaibuni, kaskazini kwenye theluji. Aliyemaliza alirudi kwao akakabidhiwa mitambo ya nchi nzima. Hapakuwa na kazi iliyoheshimiwa kuliko hiyo, tangu jua lilipochafuka likaunguza setilaiti karibu zote, na sauti za watu zikabaki kupita kwenye mkongo wa ardhini na minara ya kurushiana mawimbi kilima kwa kilima, zikikatika kila mara.

Skolastika Kapufi, binti wa mwalimu wa Mpanda, ndiye aliyetafuta dawa ya kukatika huko.

Zamani, kipande kidogo cha sauti kikipotea njiani, simu ya msikilizaji ilivuta sauti ya mwisho na kuliziba pengo, na sikio halikung'amua kitu. Tasnifu ya Skolastika ilianzia hapo. Itakuwaje pengo likiwa refu zaidi? Mtambo wake uliwasikiliza watu wawili wakiongea kwa miezi, ukajifunza maneno yao, pumzi zao, utani wao na mahali wanapokohoa. Mawasiliano yakikatika, mtambo uliendelea kuongea badala ya aliyepotea, kisha yakirudi ulimpisha mwenyewe kimyakimya. Wanafunzi walikuwa wamekubali laini zao zitumike kwa majaribio siku ile ya kwanza walipofika, pamoja na mambo mengine mengi waliyoyakubali bila kuyafikiria. Waliuita kiraka, na Skolastika alikuwa ameuwekea ukomo wa nusu dakika. Baada ya hapo simu ilipaswa kukatika kama simu nyingine yoyote.

Jumanne hiyo, baada ya chai, alikwenda maabara kutafuta hitilafu nyingine kabisa. Kwenye skrini kila laini ilikuwa na utepe wake, kijani pale mtu anapoongea mwenyewe, njano pale kiraka kinapomsemea. Tepe nyingi zilikuwa kijani yenye madoa ya njano. Mmoja ulikuwa njano mtupu.

Alidhani ni skrini. Akaurudisha nyuma mpaka Jumatatu, ikawa njano. Jumapili, njano. Kijani kilionekana Ijumaa, mvua kubwa ilipoanza kupiga upande wa Kivu, kisha kikakatika. Akaangalia laini ile ni ya nani, ingawa alikuwa ameshajua.

Soksi mbichi, jiko linalovujiwa, yule mwanamke asiyeshindwa neno, vyote vilikuwa vimetungwa kwenye chumba cha chini cha jengo hilohilo, nyuma ya mlango alioupita kila asubuhi.

Alifungua mipangilio ya ukomo. Pale alipokuwa ameandika nusu dakika palikuwa patupu.

Kabla ya kuinuka alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliangalia laini yake na mama yake, Mpanda. Ilikuwa kijani, yenye madoa machache tu. Lakini Jumapili mama yake alikuwa amecheka sana, na mahali pa kile kicheko palikuwa na doa refu la njano.

*

"Ukomo niliuondoa mimi," alisema Profesa Mwakatobe. "Kaa, Skolastika."

Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kwa ncha ya tai wakati anafikiri. Ndiye aliyempigania Skolastika apate nafasi chuoni.

"Mkongo ulipokatika Ijumaa, eneo lote la milimani, juu ya Ziwa Kivu, lilipotea," alisema. "Kabirizo kwa kina Bisimwa, vijiji vyote vile. Wenye kampuni ya mtandao waliniuliza kama tunaweza kuwasaidia. Mara ya mwisho simu zilipozimika kule, watu walivamia ofisi, wakachoma moto jengo, wakakanyagana. Safari hii hakuna aliyevamia popote. Mafundi wanatengeneza barabara kwa utulivu. Unajua ni kwa sababu gani? Kwa sababu kila mtu anaongea na nyumbani."

"Hawaongei na nyumbani, Profesa. Wanaongea na sisi."

"Kwa siku chache. Mnara wa Kabirizo uko hai, unatumia umeme wa jua, ila tu hauna njia ya kutufikia. Njia ikirudi, kiraka kitapisha na Mama Ansima ataendelea alipoishia. Wewe ungependa nini? Tumwambie Bisimwa kwamba mke wake amekufa? Hatujui. Tumwambie ni mzima? Hatujui. Sasa tumwambie nini?"

"Kwamba hatujui."

Profesa alivua miwani. "Ukimwambia mmoja umewaambia wote. Na mtu anayejua kwamba hajui, halali."

Hoja ile haikuwa ya kijinga, na hilo ndilo lililomtesa Skolastika. Halafu likamjia jambo jingine.

"Mnara uko hai," alisema polepole. "Kwa hiyo na kule kiraka kinafanya kazi. Mama Ansima akipiga simu, anaongea na Bisimwa."

"Bila shaka. Mpango wenyewe uko hivyo, pande zote mbili."

"Na anamwambia nini?"

"Nani?"

"Bisimwa wetu, yule wa mnarani. Anamwambia nini mke wake?"

Profesa alirudisha miwani usoni. "Hilo hatuwezi kulisikia mpaka njia irudi."

"Yaani kule kuna sauti zetu zinaongea na watu, na sisi hatujui zinasema nini."

"Zinasema kile ambacho wenye sauti wangesema. Ndivyo ulivyoutengeneza mtambo, Skolastika, na ulituthibitishia kwa takwimu nzuri sana." Hakusema kwa kejeli. "Kamati itakaa Alhamisi na wenzetu wa kaskazini. Nakuomba usiguse kitu mpaka hapo. Unao uwezo wa kuuzima mtambo kwa akaunti yako ya siri, najua. Nakuomba tu."

Njia ya chini kwa chini ilikuwepo. Angeweza kuteremka ngazi, akaandika sufuri palipokuwa patupu, na minara yote, ile ya karibu na ile isiyofikika, ingenyamaza. Ile ya Kabirizo ilikuwa na maagizo ya kusikiliza wimbi dogo la dharura, lisiloweza kubeba sauti lakini liwezalo kubeba amri fupi. Skolastika ndiye aliyeyaandika maagizo hayo.

Alifikiria watu wa nchi nzima wakiweka simu masikioni na kukuta kimya, kwa sababu yake. Alifikiria pia, wala hakukana moyoni kwamba alifikiria, kampasi ya kaskazini na jina lake kwenye mlango.

"Sawa, Profesa," alisema. "Mpaka Alhamisi."

*

Mkongo uliungwa Jumatano, kazi za asubuhi zilipokuwa zimeshaanza. Bisimwa alikuwa ameleta salamu tena wakati wa chai. Mama Ansima alikuwa amesema mvua imepungua.

Mnara wa Kabirizo ulipopata njia ulianza kumwaga kila ulichokuwa umekihifadhi tangu Ijumaa. Skolastika alivaa visikizi, akaenda moja kwa moja kwenye utepe wa Nabintu, mke wa Bisimwa, kwa upande wa kule. Ulikuwa kijani. Alikuwa hai Jumamosi, na Jumapili, na Jumatatu, akiongea mwenyewe kwa sauti nzito kidogo iliyokwaruza, akijibiwa na mume asiyekuwepo. Skolastika aliruka mpaka Jumanne alasiri. Saa hizo yeye alikuwa ametoka ofisini kwa Profesa, amekaa chumbani kwake, amejifunika blanketi.

"Baba Ansima," Nabintu alikuwa akisema, "mlima unalia. Nyuma ya nyumba ya Mzee Cibalonza pamepasuka, mkono unaingia. Watu wameanza kubeba magodoro. Nifanye nini?"

"Usiogope, mama." Ilikuwa sauti ya Bisimwa, na kicheko chake kile cha puani. "Mlima ule umekuwa ukilia tangu nilipokuoa. Ingia ndani, funga mlango. Mvua itapita."

"Safari hii ni vingine."

"Kila mwaka unasema safari hii ni vingine. Ansima yuko wapi?"

"Nimempeleka shuleni kwa masista na wenzake. Alitaka twende wote. Analia kwamba nawasikiliza wazee wanaosema tubaki kuliko yeye. Umwambie kitu." Pakawa na mchakacho, kisha sauti ya mtoto, ya mbali, kwenye simu ya pili iliyounganishwa kutoka kwa masista. "Baba, mwambie mama aje huku."

"Mama yako anailinda nyumba, kipenzi. Ukitoka wezi wanaingia, unawajua. Nitakuja Desemba, tutajenga ukuta."

"Umetulia sana," alisema Nabintu. "Sauti yako imetulia kabisa."

"Nimetulia kwa sababu nakujua."

"Haya. Basi nabaki."

Utepe wa kijani uliendelea kidogo zaidi, maneno ya jiko, maneno ya maziwa. Halafu ukakatika bila kelele yoyote, katikati ya neno. Skolastika alingoja kimya kije, lakini hakikuja. Mnara ulikuwa umeona pengo na ukafanya kazi yake. Sauti ya Nabintu ilimalizia lile neno, ikaendelea. Sauti ya Bisimwa ikajibu. Ilimuuliza kuhusu soksi. Ikamwambia atumie majivu ya moto. Ikacheka, ikamwambia hashindwi neno. Sauti mbili zisizo na mtu ziliongea juu ya kilima kile mpaka giza likaingia, zikaagana vizuri, na alfajiri zikasalimiana tena.

Alivua visikizi, akaandika sufuri.

Korido lilikuwa na wanafunzi wengi saa hiyo, wengine na simu masikioni. Aliwaona kupitia kioo cha mlango wakisimama mmoja mmoja, wakizitazama simu zao, wakizirudisha masikioni. Msichana wa Dakar alikuwa akiita jina la mtu, kwa upole, tena na tena.

*

Profesa Mwakatobe alimkuta kwenye ngazi. Hakumfokea. Mkononi alikuwa na ujumbe mfupi wa masista wa Kabirizo, uliofika mara tu njia ilipofunguka. Mteremko wote wa chini ya mlima ulikuwa umeondoka Jumanne kabla ya magharibi. Waliohamia shuleni walikuwa salama. Waliobaki majumbani walikuwa bado wanatafutwa, lakini si kwa matumaini.

"Mwambie Bisimwa mke wake amefariki," alisema. "Au nitamwambia mimi, kama huwezi. Ila hiyo ya sauti usimwambie. Nakusihi kama mzazi. Jambo hilo halitamrudishia mtu, litamuua tu."

"Mtoto alikuwepo kwenye simu, Profesa."

"Sijakuelewa."

"Ansima alisikia baba yake akikataa. Siku moja atamuuliza. Kama hatumwambii leo, ataulizwa na mwanawe juu ya maneno ambayo hajui kama aliyasema."

Profesa alishika ukuta. Kwa muda alionekana kama mzee wa kawaida aliyechoka kupanda ngazi. "Akaunti yako ya siri imeshafungwa," alisema mwishowe. "Nafasi yako chuoni, siwezi kuitetea."

"Najua."

Bisimwa alikuwa kwenye ua wa hosteli ya wanaume, amekaa kwenye tofali, anang'arisha viatu. Simu ilikuwa pembeni yake kwenye nyasi. "Dada Skola, simu zimekufa leo," alisema. "Nilikuwa na Mama Ansima, akakatika hivi." Kisha akamtazama usoni, akaweka brashi chini.

Skolastika alichuchumaa mbele yake, akamwambia yote kwa mfuatano wake: Ijumaa, kiraka, Profesa, ahadi ya kungoja, mlima. Alisema Nabintu amefariki kwa neno hilohilo, amefariki, akamwambia mtoto ni mzima. Hakuongeza samahani.

Bisimwa hakulia. Alichukua kiatu kingine, akakitazama ndani kana kwamba kuna kitu alikiacha humo. "Asubuhi ya leo nimeongea na nani?" aliuliza.

"Na mtambo wangu."

"Na jana?"

"Na mtambo."

"Na yeye aliongea na nani?"

"Na wewe," alisema Skolastika. "Na sauti yako."

"Nataka kusikia."

"Baba Ansima, si lazima."

"Mke wangu aliongea na mimi kabla ya kufa. Nataka kusikia nilimwambia nini."

Walikwenda maabara. Bisimwa alisikiliza amesimama, mikono ameifumbata nyuma kama mtu aliye kanisani. Ilipofika pale pa wezi aliinamisha kichwa. Ilipofika pale utepe ulipokatika, Skolastika alinyoosha mkono kuzima, naye akamzuia, akasikiliza kidogo zaidi zile sauti mbili zinavyoulizana habari za soksi. Kisha akavua visikizi mwenyewe, akaviweka mezani taratibu.

"Ningesema hivyohivyo," alisema.

Skolastika aliuzima utepe kwenye skrini.

"Lile la mlima kulia tangu nilipomuoa, ni langu. La wezi ni langu. Nimelisema kila masika." Alizungumza bila hasira, kama anayesoma mita ya umeme. "Ulitaka kujua kama mtambo wako unafanana na mtu. Unafanana. Waandikie hao wa kaskazini."

"Ungemsikia alivyoogopa," alisema Skolastika. "Ungekuwa wewe, ungeisikia ile hofu, ukabadilisha."

"Labda. Hilo ulininyima nafasi ya kulijua."

Simu ya masista ilipatikana alasiri. Hapakuwa na kiraka sasa. Laini ilikuwa na mikwaruzo, na maneno yalifika vipandevipande, katikati yake kimya. Sista mmoja alimwita mtoto. Walisikia viatu sakafuni, kisha pumzi.

"Ansima, ni baba."

"Baba gani?"

Bisimwa alifumba macho.

"Wa jana?" aliuliza mtoto. Alikuwa wa darasa la tatu, na alikuwa na ule ukwaruzo wa mama yake kooni. "Yule aliyekataa mama asije?"

Skolastika alikuwa amesimama karibu na dirisha, na aliona jibu la kweli na jepesi liko wazi mbele ya Bisimwa. Hakuwa yeye. Hakuwepo hata kidogo, na hapo hapo alikuwepo aliyefanya yote, anaweza kumnyooshea kidole. Skolastika alitamani Bisimwa aliseme. Lingekuwa afueni, hata kwake.

"Sauti ilikuwa yangu," alisema Bisimwa. "Mama alitii sauti yangu. Mimi sikujua, Ansima, lakini sitakuambia ni ya mtu mwingine. Usiniamini kwenye simu tena. Mimi wala yeyote. Ninakuja huko unione uso. Mpaka unione, kaa na masista, na mtu wa simu akikuambia chochote, akiwa na sauti yangu, usimsikilize. Umenisikia?"

Kulikuwa na kimya. Kilirefuka. Huenda mtoto alikuwa anafikiri, au analia mbali na simu, au laini ilikuwa imekatika kabla ya neno la kwanza. Hakuna kilichokuja kuliziba pengo lile. Bisimwa alishikilia simu sikioni kwa muda mrefu, ndipo akaishusha.

*

Asubuhi iliyofuata Bisimwa alikuwa getini na begi lake la mgongoni. Ukungu ulikuwa umefunika chai mpaka usawa wa magoti. Lori la mbao lilikubali kumfikisha Makambako, na kutoka hapo angetafuta basi la Mbeya, kisha Sumbawanga, Kigoma, avuke ziwa mpaka Uvira, halafu apande milimani kwa namna yoyote itakayopatikana.

Skolastika naye alikuwa ameshafungasha. Alikuja getini na mkate wa kumsindikizia, akampa, naye akaupokea.

"Utapita kwetu Mpanda," alisema. "Mama yangu atakupa pa kulala. Nyumba iko nyuma ya shule, ukiuliza kwa Mwalimu Kapufi."

"Asante. Sitashuka."

Dereva aliwasha injini. Bisimwa alipandisha begi, akaweka mguu kwenye ngazi ya lori, kisha akageuka. Alikuwa amevaa vile viatu alivyoving'arisha, na vilikuwa vimeshajaa tope.

"Usinipigie simu, Skola. Hata kama umesikia njia imekatika. Hata baadaye."

"Nitajuaje kama umefika?"

"Hutajua," alisema, akapanda, akafunga mlango.

Lori liliteremka kilima likiguna. Skolastika alisimama getini akilisikiliza, akageuza kichwa kulifuata kila lilipopinda, mpaka akashindwa kutofautisha kama bado analisikia au ni masikio yake tu.